Chema na Matembezi Yake

Kuna kisanduku kitupu ambacho kila mwanafunzi wa mawasiliano ya kitaaluma katika vyuo vikuu vya zama hizi hana budi kukikabili, nacho hakimo katika karatasi ya mtihani bali kimo katika kioo cha simu au cha kompyuta, chini ya picha yake na jina lake, kikimtaka ajieleze kwa maneno machache. Mwalimu ameagiza kwamba kabla ya muhula kwisha kila mmoja awe na ukurasa wake katika mtandao wa wanataaluma, mathalan ule wa LinkedIn uliofunguliwa kwa watu wote mwaka 2003, na kwamba ukurasa huo utatiwa alama pamoja na barua rasmi, muhtasari wa kikao na hotuba fupi. Barua wataiandika, wanajua mahali pa anuani na tarehe, pa kumbukumbu namba na pa kichwa kianzacho kwa YAH, na kifungu cha kwanza watakifungua kwa usemi ule uliozeekea katika ofisi zetu, wa kumtaka msomaji ahusike na kichwa cha habari hapo juu. Muhtasari nao wataumaliza, maana njia yake imenyooka tangu kufungua kikao, kupitia yatokanayo, hata kufika mengineyo. Lakini vijana wale wale wawezao kueleza kwa ufasaha sababu za mafuriko ya Rufiji au masharti ya mkataba halali, wafikapo penye kisanduku hiki vidole huwa vizito. Huandika neno wakalifuta, wakaandika jingine, na hilo nalo wakalionea haya.

Haya hiyo haikuzaliwa na ujinga, wala si woga wa kuandika. Nyuma ya kila kijana aliyeinamia kisanduku kile amesimama mzee, wa baraza ya mjini au wa kivuli cha mwembe shambani, akimkumbusha kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii haikutungwa kuwa pambo la mazungumzo. Ilikuwa ni hukumu iliyotolewa na watu waliokaa pamoja muda mrefu wa kutosha kujuana. Katika mji mdogo seremala hujulikana kwa milango iliyokwisha kufungwa na kufunguliwa na vizazi viwili, msusi wa mikeka hujulikana kwa mkeka uliolaliwa miaka mingi na haujafumuka, na mtoto hujulikana ni wa nani kabla hajajulikana ni nani. Mgeni akiingia mjini akauliza habari za fundi, hamwulizi fundi mwenyewe. Huuliza mji, na mji ukamjibu. Katika mahali kama hapo mtu ajisifuye huwafanyia majirani zake utovu wa adabu, maana ni kama kuwaambia kuwa wana macho na hawaoni, wana masikio na hawasikii, mpaka yeye awafumbulie kwa kinywa chake. Ndiyo sababu uungwana wa pwani ulihesabu kujinadi kuwa dalili ya upungufu, na ukawafunza watoto wake kuficha fadhila kama wafichavyo aibu.

Hata pale ilipokuwa lazima mtu anenewe jambo, hakujinenea mwenyewe. Kijana aliyetaka mke hakwenda mbele ya wazee wa binti kuhesabu mema yake kwa vidole. Alimtuma mshenga, mtu mzima mwenye kauli na haya, ambaye aliketi akanywa maji, akauliza hali, akataja ukoo, na mwisho akafikisha haja, naye alichukua dhima ya kila alilolisema. Mwanachuoni aliyekwisha kusoma kitabu kwa shehe wake hakutoka msikitini akatangaza kuwa amebobea. Alipewa ijaza, hati ambayo ndani yake mwalimu ndiye asemaye, na nyuma ya mwalimu huyo kuna mwalimu wake, na nyuma yake mwingine, silsila ndefu ya mashahidi ambao kila mmoja ameweka heshima yake rehani. Waliokuwa wakiandikiana barua kwa hati za Kiarabu walilirundikia jina la mwandikiwa sifa zote za jenabu na muhibu na mkarimu, kisha mwandishi akajitaja mwishoni, kwa unyenyekevu, kuwa ndiye aliyeiandika kwa mkono wake. Mpaka leo aombaye kazi hutakiwa kuwataja wadhamini, na aendaye benki kufungua akaunti pengine hutakiwa barua ya serikali ya mtaa. Hayo ni mabaki ya imani ya kale kwamba mtu hatoshi kuwa shahidi wa nafsi yake. Ukurasa wa mtandaoni umeupindua mpango huo juu chini: sifa zote zimehamia kwa mwandishi, na mwandikiwa hana jina.

Walakini mji uliotunga methali ile haupo tena, au ukiwapo umemezwa na mji mwingine. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London na kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria katika jengo la Mtaa wa Lumumba, wanafunzi wake hawakufika hata 20. Nchi iliyokuwa ikingoja uhuru wake mwezi wa Desemba ilikuwa na kazi nyingi kuliko watu wa kuzifanya, na katika kundi dogo namna ile chema kilikuwa na nafasi ya kujiuza chenyewe, kwa kuwa wanunuzi walikuwa wamesimama mlangoni. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 5,383,728 katika mkoa huo mmoja wa Dar es Salaam. Nani wa Tegeta atakayemjua seremala wa Mbagala kwa milango yake? Mwajiri mwenye lundo la maombi mezani hakumjua mama wa mwombaji, hakuketi na babaye, wala hana mtaa wa kuuliza. Fauka ya hayo, staha ya kunyamaza haikuwagharimu watu wote sawasawa. Mtoto wa mkubwa anaweza kukaa kimya kwa adabu zote, maana wapo wa kumsemea. Ami yake atapiga simu, rafiki wa baba yake atakumbuka jina. Binti wa mkulima aliyetoka Kasulu na begi moja hana mshenga mjini. Tukimwambia binti huyu anyamaze kwa kuwa chema chajiuza, tumempa hekima ya watu waliokuwa na jirani ilhali yeye hana jirani, na adabu yake tumeigeuza kuwa kifungo. Hapo mwalimu wa mawasiliano ana haki kuliko mzee wa baraza.

Wala si kweli kwamba zamani zetu hazikumjua mwema aliyejitembeza. Huko Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, alizaliwa mtoto wa kike katika nyumba ya kimaskini, ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Siti binti Saad. Ufinyanzi ulikuwa kazi ya nyumba yao, naye akawa huchukua vyungu kichwani akavipeleka mjini kuviuza, akipita njia kwa njia na kuvinadi kwa sauti ambayo wanunuzi waliitambua ingali mbali, kabla mchukuzi wake hajatokea kwenye pembe ya nyumba. Hakuwa na ukoo wa kumtangulia, wala elimu ya darasani, wala uzuri wa sura wa namna ile uliosifiwa na watu wa siku zake. Mahasidi walipoona jina lake linapanda walimsimanga kwa hayo hayo, naye akawajibu kwa nyimbo. Mwaka 1911 alihamia mjini, akaingia katika taarabu, na mwaka 1928 akavuka bahari mpaka Bombay kutiwa sauti katika sahani za santuri, na sahani hizo zikauzwa na kusikilizwa katika miji ya mwambao na bara. Hebu na tumweke mwanamke huyu mbele ya methali yetu tumwulize ni yupi katika wale wawili. Alijitembeza, tena kwa miguu yake na kwa koo lake, juani. Na alikuwa chema. Angalingoja Fumba mpaka wema ujiuze, tungalikuwa leo na vyungu vya Fumba visivyo na jina, na taarabu yenye pengo ambalo hakuna mtu angalilitambua kuwa ni pengo.

Nadhani siri ya jambo hili imo katika kile alichokuwa amekichukua kichwani. Sauti yake haikuja tupu. Ilikuja na chungu. Mnunuzi aliyevutwa na mwito alitoka mlangoni, akakishika chombo, akakigeuza, akakigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, maana chungu kizima hulia na chungu chenye ufa hukoroma, na hapakuwa na wimbo uwezao kuunyamazisha ufa. Mwito ulimfikisha mtu kwenye chungu; haukumzuia asikigonge. Hapo ndipo ninapouona mpaka kati ya kujitembeza kunakofaa na kule kulikokemewa na wazee. Hawakuichukia miguu, walikichukia kitu ambacho hakina kingine ila miguu, kile ambacho kikisimama tu kinakufa, kwa sababu uhai wake wote umo katika kupita na kuonekana. Debe tupu haliachi kuvuma, walisema, na kosa la debe si mvumo, bali ni utupu. Mitandao ya kijamii, kwa jinsi ilivyoundwa, hulipa mvumo kuliko ujazo: huhesabu waliotazama, waliopenda, waliosambaza, wafuasi wa jana na wa leo, na katika hesabu hiyo yote hamna safu ya kuandika ni wangapi waliogonga wakasikiliza.

Kwa hiyo mwalimu mwema wa somo hili hutambulikana kwa maneno anayoyafuta katika kazi za wanafunzi wake. Hufuta mchapakazi, hufuta mbunifu, hufuta mwenye uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo, hufuta kiongozi mwenye maono. Si kwa kuwa maneno hayo ni mabaya, bali kwa kuwa hayana mwenyewe, yamekwisha kuvaliwa na maelfu na hayamkai yeyote. Badala yake huuliza: ulifanya nini, wapi, na nani alikuona? Na hapo, baada ya kimya na kujikuna kichwa, hutoka mambo ambayo kijana hakudhani yana thamani: kwamba aliweka daftari la fedha za chama cha wanafunzi na daftari likakaguliwa bila kasoro, kwamba likizo nzima alisimama na mama yake gengeni akajua kumjibu mnunuzi mwenye hasira, kwamba alitafsiri maelezo ya dawa kwa wazee wa kijijini kwao ambao Kiswahili chao ni kidogo. Maneno haya hayang'ai kama yale yaliyofutwa, lakini yana ushahidi ndani yake; kila moja lina mtu awezaye kuulizwa. Bila kujua, mwanafunzi amewarudisha mashahidi wake wa kale ndani ya ukurasa mpya, na ile haya iliyomshika vidole imemfaa, kwa sababu ilimkataza kusema asichoweza kukitolea shahidi. Haya namna hiyo haipaswi kutibiwa kama maradhi. Ni akili ya urithi, nayo yataka kuelekezwa tu.

Lakini ukurasa wa nafsi ni mlango wa mbele tu wa somo hili. Nyumba yenyewe iko nyuma. Siku mwanafunzi huyu atakapohitimu akaajiriwa kuwa afisa habari wa idara, wa kampuni au wa halmashauri, hatakuwa tena akijitembeza yeye, bali atakuwa akitembeza chungu cha mtu mwingine, ambacho hakukifinyanga na pengine hakuruhusiwa kukigonga. Kazi yake itakuwa kumpiga picha mkubwa akikata utepe, kuandika juu yake kwamba ametembelea, ameelekeza, amesisitiza, na kuitoa kabla ya jua kutua. Chini ya picha hiyo watakuja watu wasioalikwa katika sherehe. Mmoja atauliza maji yatatoka lini, maana ni wiki ya pili. Mwingine ataweka picha ya ndoo zake tupu. Wa tatu atacheka. Hapo ndipo mtahini wa kweli anapoingia. Aliyefuzu umbo la maneno bila moyo wake atashusha tangazo lenye nembo na kichwa cha TAARIFA KWA UMMA, akaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza, wala asiseme bomba limepasuka wapi, mafundi wamefika lini, na maji yatarudi siku gani. Sheria zipo, Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ni wajibu kila mwanafunzi wa somo hili azijue. Lakini hakuna sheria iwezayo kumwadhibu mtu kwa tangazo lililosemwa kwa lugha safi na lisiloeleza kitu. Dhambi hiyo imeachiwa dhamiri, na dhamiri haina kifungu cha kunukuliwa.

Pengine dawa yake imo katika jambo ambalo mitandao imetusahaulisha, nalo ni kumwandikia mtu. Mwana Kupona wa Pate, alipotunga utendi wake mwaka 1858 hali ya kuwa mgonjwa, hakuwa akiuhutubia umma. Alikuwa akimwusia binti yake mmoja, na baada ya dini jambo alilolitanguliza katika wasia huo ni adabu na matumizi ya ulimi. Shaaban Robert, aliyekula mshahara wa ukarani wa serikali ya kikoloni muda mrefu wa maisha yake na kwa hiyo akaijua barua ya ofisi kwa ndani na nje, alimwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge barua kati ya mwaka 1931 na 1958, nazo zilitolewa kuwa kitabu mwaka 2002, miaka 40 baada ya kufa kwake. Utendi ule umesomwa na watu ambao Mwana Kupona hakuweza kuwawaza, na barua zile zimesomwa na watu ambao walikuwa hawajazaliwa wino ulipokauka. Na yote mawili yamewafikia wengi kwa kuwa yalielekezwa kwa mmoja, mwenye jina na uso, ambaye mwandishi alimpenda na asingaliweza kumdanganya pasipo kutahayari. Ujumbe wa siri wa leo huhitaji saa moja, wala si miaka 40, kuwa mali ya umma; picha ya kioo cha simu hupigwa na kusambazwa kabla aliyetuma hajaweka simu chini. Basi hakuna ulinzi uliobaki ila huu: mtu awe mmoja katika barua ya ndugu na katika tangazo la umma. Naye afisa habari wa bomba lililopasuka, kama angaliandika tangazo lake akiwa amemfikiria mwanamke mmoja mwenye ndoo, angalijua mara moja ni sentensi zipi za kutupa na ni tarehe ipi ya kutia.

Wasifu wa Siti binti Saad nao uliandikwa na Shaaban Robert huyo huyo, na ni jambo la kuzingatia kwamba mwanamke aliyejinadi kwa koo lake ujanani, maisha yake yalisimuliwa kwa kalamu ya mwingine. Mambo yale mawili hayapingani. La kwanza lilikuwa haki ya mtu asiye na wa kumsemea. La pili lilikuwa hukumu ya jamii iliyokwisha kukigonga chungu ikasikia sauti yake. Ajitembezaye kwa haki hujitembeza mpaka hapo tu, mpaka wengine wapate sababu yao wenyewe ya kusema. Apitaye mpaka huo, akaendelea kujisifu wakati mashahidi wake wamenyamaza, ajiulize kwa nini wamenyamaza.

Haya yote yanawarudia walimu na vyuo kabla ya kuwarudia vijana. Ni rahisi kutia alama kwa mpangilio wa barua, kwa picha iliyokaa sawa, kwa tahajia na kwa idadi ya wafuasi, kwa sababu vitu hivyo huonekana; ni vigumu kutia alama kwa ukweli wa sentensi, maana hilo humtaka mwalimu atoke katika karatasi akaulize. Lakini chuo kinachofundisha namna ya kukifanya kila kitu kionekane chema, bila kumfundisha mwanafunzi kukikataa kile ambacho si chema hata kama ni cha mwajiri wake, hakikutoa wanataaluma, kimetoa wapiga mbiu. Na mpiga mbiu hufanya kazi kwa kila alipaye, kwa sauti ile ile. Nchi inayojaa sauti nzuri namna hiyo mwisho huacha kusikiliza, na siku litakapokuja tangazo la kweli, la kipindupindu au la dhoruba, likiwa limeandikwa kwa lugha ile ile safi, watu watalipita kama walivyozoea kuyapita mengine. Gharama ya debe tupu hailipwi na debe. Kwa hiyo na ufundishwe ukurasa, na ifundishwe barua, na tuwaondolee vijana hofu ya kutaja waliyoyatenda kwa mikono yao. Lakini swali la kwanza katika kila zoezi liwe ni nani awezaye kushuhudia, na atakayekosa jibu apewe sifuri hata kama maneno yake yamepangika kama lulu.